Funga ya binti aliyekuwa akijinyima

Wiki mbili kabla ya Ramadhani, wanawake wa Mji wa Kale, Mombasa, huzungumza tende, unga wa ngano na miili yao. "Mwezi huu lazima nipungue, Iddi nivae gauni langu la mwaka juzi." Kwa wengi ni utani tu. Kwa binti aliyeishi miaka akijinyima chakula, au akila kisha akijitapisha, utani huo unamrudisha alikotoka. Basi akishaanza kupona, afunge au asifunge?

Wanaosema afunge wana hoja. Saumu ni ibada, haina uhusiano na kupunguza mwili, na kumtenga mtu na futari ya kwao ni kumzidishia upweke. Aliyepona barabara, anayekula daku bila kusukumwa, huenda akafunga salama daktari wake akiridhia.

Hata hivyo mimi naegemea upande wa pili. Mwaka 1945, huko Minnesota, Marekani, mtafiti Ancel Keys aliwapunguzia chakula vijana 36 wenye afya kwa miezi sita. Wakawa hawawazi kingine ila kula. Wengine wakakusanya vitabu vya mapishi, wengine wakauvuta mlo mmoja karibu saa mbili. Hao walianza wakiwa wazima! Na anayejitapisha hupoteza madini ya potasiamu, moyo ukaweza kupiga ovyo. Umwongezee saa 13 bila maji?

Niliwahi kufuturu mkeka mmoja na binti wa aina hiyo. Mbele yake mahamri mawili na mbaazi za nazi. Aliyakatakata kama anayelisha vifaranga, akavipanga vipande ukingoni mwa sahani, kisha akawa wa kwanza kuinuka kutoa vyombo. Shangazi yake akamwambia, "Umepungua, mashallah!" Mwezi ambao kutokula ni sifa, maradhi haya hupata buibui la kujifunika.

Watu watanijibu kwamba sukari na presha zimejaa mjini. Kweli, utafiti wa kitaifa wa 2015 ulikuta takriban watu wazima 27 katika kila 100 nchini Kenya wana uzito uliozidi. Mwenye sukari anahitaji kuambiwa apunguze wali na sharubati. Lakini aambiwe zahanati, baada ya vipimo, si mkekani na kila mwenye mdomo.

Dini yenyewe haikumbana. Suratul Baqara, aya ya 184, inamruhusu mgonjwa kula na kulipa siku nyingine. Anayejidunga insulini akila mchana hatumuulizi neno. Huyu tunamwambia, "Mbona u mzima?"

Mwaka uliofuata mama wa yule binti wa mahamri alimpakulia cha mchana jikoni, pamoja na wadogo zake wasiofunga, mlango umeegeshwa. Magharibi akaja mkekani kama wengine, na shangazi alikuwa ameshaonywa.