Mgeni njoo, mwenyeji afe

Jamani leo naitoa hii aibu, nimeibeba peke yangu vya kutosha na bosi kila tukipishana koridoni anacheka kimoyomoyo, bora mcheke na nyie tumalizane.

Iko hivi, kazini mi ndo mtu wa seva. Tuna dude moja lina RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) giga 64, ndani nimepanga VM tano, yaani kompyuta za kuigiza ndani ya mashine moja, kama wapangaji: kuna Windows ya uhasibu nimeipa giga 24, kuna Linux yenye databesi giga 12, halafu vi-VM vitatu vidogo giga mbilimbili. Jumla 42. Hesabu ya darasa la tatu hiyo, 64 toa 42 inabaki 22, mtu unalala fofofo.

Siku moja jioni nafungua dashibodi ya Proxmox, mfumo unaoendesha hizo VM, nakuta kimstari cha RAM kimewiva chekundu, asilimia 94. Hiyo ni kama giga 60! Sasa mi nimegawa 42, hizo 18 kala nani? Nikaingia ndani ya Windows ya uhasibu nikafungua Task Manager, inasema natumia giga 6 tu mkuu, sina shida na mtu. Natoka nje, hosti (lile dude lenyewe) inaniambia VM hiyohiyo imekula 24. Nikarudi ndani, 6. Nikatoka, 24. Nimeingia na kutoka mara nane kama mtu aliyesahau funguo, namba hazibadiliki.

Nikampigia bosi simu saa nne usiku. "Bosi, tumeingiliwa." Na nani? Nikamwambia kuna mtu anachimba bitcoin kwenye seva yetu. Ushahidi sina, CPU yenyewe, injini ya mahesabu ambayo mchimbaji ndo huikamua, imetulia asilimia 3, na sijui ni mchimbaji gani huyo anakuja kukaa kwenye RAM halafu CPU haigusi, ila hilo wazo lilinijia siku mbili baadaye nikiwa bafuni na sabuni usoni.

Asubuhi kikao, ofisi nzima. Kuna dogo wa mafunzo kwa vitendo laptop yake ina stika ya bitcoin, masikini ya Mungu, kahojiwa dakika arobaini. Stika kaikuta imebandikwa, laptop ni ya kaka yake. (Dogo kama unasoma hapa, nisamehe, na ile soda bado nakudai nikununulie, yaani namaanisha unanidai.)

Baada ya kikao nikajifungia na VM ya databesi. Naandika free -h, amri ya kuonyesha RAM inavyotumika, inasema iliyotumika giga 3, halafu kuna safu ya buff/cache ina giga 8. Nikasema ahaa, nimekukamata. Nikatafuta dawa haraka haraka nikaipata, echo 3 unaipeleka kwenye drop_caches, yaani unaiambia Linux itupe kashe yake, gonga enta, pwaa! Ile 8 ikayeyuka, RAM iliyo wazi ikapanda karibu giga 9. Nikarusha ngumi hewani kama nimefunga penalti. Nikatoka nje kwa mbwembwe kuangalia hosti... 12. Ileile. Haijatikisika hata nukta.

Mtu mwenye akili angejiuliza. Mi nikaiweka kwenye cron, ile ya kurudia amri yenyewe kwa saa, kila dakika tano.

Kilichofuata databesi ikawa inatambaa. Na itaachaje, ile giga 8 ilikuwa ni vitu ilivyokwisha soma kutoka kwenye diski ikavishika mkononi isihangaike tena, sasa kila baada ya dakika tano naenda kuipokonya vyote, inarudi diskini kuanza upya, ikimaliza tu kukusanya nipo mlangoni tena. Watu wanapiga simu mfumo mzito, nawajibu kwa sauti nzito ya kitaalamu, "tunashughulikia suala la usalama."

Usiku huo nikakaa nikasoma, na hapa ndo nilipoharibu kabisa maana nilisoma nusu. Wenyewe wa haya mambo ile seva kubwa wanaiita mwenyeji, na VM wanaziita wageni. Mgeni ndo anajua RAM anayoitumia kweli. Mwenyeji yeye anahesabu kurasa (vipande vidogo vya RAM) alizokwisha mkabidhi mgeni, kama mgeni kazilalia au kazisahau hilo halioni. Nikafunga laptop hapohapo, nimeelewa! Kumbe namba ya nje ni uzushi! Ya kweli ni 6 ya Windows, 3 ya databesi, na vidogo vile tuseme 2, jumla 11. Yaani nina giga hamsini na ushee za bure na mi nalialia.

Kesho yake bosi anataka Windows nyingine ya majaribio. Nikamuuliza unataka giga ngapi bosi, kwa ule ukarimu wa mtu anayegawa kisicho chake. Nikaweka 16. Nikabonyeza washa.

Ilikuwa tarehe 28. Dada wa uhasibu alikuwa katikati ya mishahara.

Sasa niwaambie Windows ni mgeni wa aina gani. Ikiwaka tu inapita kwenye RAM yote uliyoipa, ukurasa kwa ukurasa, inaandika sifuri. Ni kama mgeni umempa nyumba ya vyumba kumi na sita, anafika na ndoo anapiga deki vyote, halafu anaenda kulala chumba kimoja. Lakini si ameshaingia vyote? Basi kwa mwenyeji vyote vina mtu. Ndo maana ile ya uhasibu ndani inasema 6 na nje 24, na wote wawili wanasema kweli.

Ile mpya ikaanza kupiga deki. Nje nilikuwa nimebakiwa na kama giga 4 hivi, 16 zinatakiwa sasa hivi, swapu, ile sehemu ya diski ya kusaidia RAM ikijaa, sikuweka (msiniulize). Nikaona dashibodi 97, 99, halafu ghafla... 60 na kitu. Nikafurahi! Nikajisemea si unaona, imejipanga yenyewe.

Simu ikaita. "Kaka, mbona imenitoa?" Nikamwambia ingia tena dada. "Naingia wapi, haipo."

Nikaangalia kwenye orodha, kweli haipo, imezimika tuli. Nikapiga dmesg, kumbukumbu za matukio ya hosti, nikakuta mstari: Out of memory, Killed process, kvm. Kumbe kwenye Linux, na hosti yetu ni Linux, kila VM ya KVM (injini ya VM anayoitumia Proxmox) ni prosesi tu, programu inayokimbia kama nyingine, na RAM ikiisha kuna muuaji wa ndani anaitwa OOM killer, anatazama nani kanenepa kuliko wote anamchinja ili wengine wapone. Na mnene wa nyumba ni nani? Giga 24. Haulizi mshahara wala tarehe.

Nikaiwasha upya nikiwa natetemeka, dada akarudia kazi ya saa mbili. Mishahara ilitoka siku hiyohiyo, saa tatu usiku, na mwenyewe akanitazama mpaka nikahisi baridi.

Mwizi wa 18 nikampata jioni hiyo. Hosti yenyewe inakula kama giga 2, zilizobaki 16 ziko kwa ZFS, msimamizi wa mafaili kwenye diski, ana kashe yake inaitwa ARC, na kwa toleo letu ana ruhusa ya kufika mpaka nusu ya RAM ya mashine. Ukimwomba anaachia, ila anaachia kiungwana, taratibu, na Windows yenye ndoo haisubiri mtu. Halafu kuna baluni, ambayo kazi yake ni kujivimbisha ndani ya mgeni ili RAM asiyoitumia irudi kwa mwenyeji. Tiki niliweka kitambo. Draiva yake ndani ya Windows sikuwahi kuisakinisha, yaani puto lipo, wa kulipuliza hayupo.

Nikafuta ile cron. ARC nikaifunga kwenye giga 8, unaandika kwa baiti, 8589934592, nimeihesabu kwa kidole mara tatu. Uhasibu nikaishusha 12, ya majaribio 4, draiva ikaingia. Kikao kingine nikawaeleza wote mpaka ile ya kashe, nikasema kwa msisitizo kabisa kwamba RAM iliyokaa bure ni hasara, ndo maana mfumo unaijaza.

Wiki iliyopita bosi kaja mezani kwangu, kafungua dashibodi mwenyewe siku hizi anajua. Asilimia 69, kijani safi. Nikasubiri pongezi.

"Ulisema iliyokaa bure ni hasara," akasema. "Sasa hizi 20 zimekaa bure. Tulizinunua za nini?"