Mkia wa ndege: bendera, biashara au twiga?

Kisheria, uraia wa ndege haumo kwenye rangi. Mkataba wa Chicago wa 1944 kuhusu usafiri wa anga wa kimataifa unadai alama za usajili: 5H kwa Tanzania, 5Y kwa Kenya, 5X kwa Uganda, G kwa Uingereza. Ndege tano aina ya Super VC10 za East African Airways, shirika la pamoja la Kenya, Uganda na Tanzania, zilibeba nembo moja ya simba, lakini mbili zilikuwa 5H, mbili 5X na moja 5Y. Shirika lilipovunjika 1977, kila nchi ikashika njia na mkia wake. Air Tanzania ikachora twiga. Kenya Airways ikavuta mistari ya rangi za bendera urefu wote wa bodi.

Kwa hiyo sura ya taifa angani ni hiari, na hapo ndipo mabishano yanapoanzia. Kisa chenye mafunzo mengi ni cha British Airways. Juni 1997 iliondoa bendera mkiani ikaweka kazi za wasanii wa nchi mbalimbali, wakiwemo Wandebele wa Afrika Kusini, kwa mpango wa pauni milioni 60. Hoja yake ilikuwa nzito: sehemu kubwa ya abiria wake hawakuwa Waingereza, na kwa mtu wa iliyokuwa koloni bendera ile haikuwa pambo tu. Nyumbani ilipokewa kwa hasira. Oktoba mwaka huohuo Margaret Thatcher, waziri mkuu wa zamani, alifunika kwa leso mkia wa ndege ya mfano. Mwaka 1999 mpango ukasitishwa, mshindani wake Virgin Atlantic ikaitwaa bendera iliyoachwa, na 2001 British Airways ikaamua kuirudisha kwenye ndege zake zote.

Wengi husimulia kisa hiki kama ushindi wa uzalendo. Naona karakana nayo ina la kusema. Sehemu ya nyuma ya mkia ni ubao unaocheza kuigeuza pua ya ndege kushoto na kulia. Ubao huo una kikomo cha uzito na lazima usawazishwe. Tabaka za rangi zikizidi bila kupimwa upya, unaweza kutetemeka vibaya katika mwendo wa kasi. Ukiharibika, shirika lenye mchoro mmoja hufunga wa akiba uliokwisha kupakwa rangi. Lenye michoro thelathini litapaka upya, au lirushe ndege yenye mkia wa viraka. Waongoza ndege nao, wanaoitambua ndege uwanjani kwa mkia, walilalamika kwamba za British Airways hazifanani tena.

Rangi yenyewe ni mzigo: Boeing 737 hubeba takriban kilo 113, na 747 kama kilo 250. Nyekundu na buluu nzito hupauka upesi juani, nyeupe hustahimili na haishiki joto sana. Ndiyo maana mashirika mengi huacha bodi nyeupe na kuubebesha mkia kazi yote ya utambulisho.

Wanaotetea chapa ya biashara wana mfano mzuri Nairobi. Mwaka 2005 Kenya Airways iliondoa mistari yake, ikaandika The Pride of Africa ubavuni na kuweka mkiani K ndani ya Q, yaani msimbo wake wa tiketi. Inasomeka kwa mbali, na inafaa kwa shirika linaloishi kwa abiria wa kuunganisha safari. Lakini mistari ile Mkenya yeyote aliitambua bila kusoma herufi. KQ inabidi kwanza uijue.

Mimi naegemea upande wa twiga. Ni mnyama wa taifa, hana chama wala historia ya kumtawala mtu, na shingo yake ndefu inakaa sawasawa kwenye umbo la mkia. Ndege za pangaboi aina ya Q400 za Air Tanzania zilipotua mwaka 2016, baada ya miaka mingi ya shirika kudhoofika, walioziona ndege za 1977 hawakuhitaji kuambiwa ni za nani.