Namba 30 ya Mama Mkwe

Kwetu Tanga mkwe hahojiwi. Unamwamkia, unamsogezea kiti, kisha unajifanya umesahau kitu nje na kuondoka zako. Sasa ichukue adabu hiyo uilete Leicester, Uingereza, mwezi wa Januari, ambapo hakuna mwenye akili anayesahau kitu nje. Nyumba yenyewe jiko ndilo sebule, ndilo mahali pa kulia, na ndilo gereji yangu. Humo ndimo tulimobanana na mama mkwe tangu alipokuja Novemba kumwona mjukuu.

Nasema gereji kwa sababu nina kigari. Ni bagi ya rimoti, moja ya kumi ya ukubwa wa gari lenyewe, inavuta kwa magurudumu ya nyuma, na imetengenezwa kurukia matuta. Watu wazima wenye mikopo ya nyumba hukutana Jumapili kushindana nazo. Usicheke. Mchezo una chama chake cha taifa, una kadi ya uanachama, na kila kigari kinabeba kidude cha kuhesabia mizunguko ili mtu asije akabisha. Aliyenitia humo ni mzee jirani yangu, dereva wa basi mstaafu. Mama mkwe alipokiona mara ya kwanza alimwuliza mwanawe kwa sauti ya chini, ile ya chini ya kusudi ili nisikie: "Mtoto mwenyewe hata kutambaa bado. Hili gari la nani?"

Roho ya kigari hiki iko kwenye shokapu. Ziko nne. Ndani ya kila moja mna fimbo nyembamba, na kwenye ncha ya fimbo kuna pistoni ya plastiki yenye vitundu ambavyo kipenyo chake hakifiki hata milimita mbili. Shokapu hujazwa mafuta ya silikoni. Gurudumu likipanda, pistoni inayalazimisha mafuta yapenye kwenye vitundu, na kule kupenya kwa shida ndiko kunakoituliza springi. Mafuta yakiwa mazito, gurudumu linachelewa kurudi chini. Yakiwa mepesi, gari linadunda hovyo. Uzito wake unauona kwa namba iliyoandikwa kwenye chupa, na mimi natia 35 mbele na 30 nyuma, kama wengi wa daraja langu. Silikoni inapendwa kwa sababu baridi na joto haviiyumbishi sana. Tena haina rangi wala harufu.

Chupa zangu mbili zilikaa dirishani jikoni, juu ya kipasha joto cha ukutani, jirani na chumvi. Mke wangu alikuwa ameshasema zihamishwe. Nilikuwa nimeshasema nitazihamisha.

Huku nyuma mama mkwe alikuwa na shida yake. Hewa ya humu ndani inayochemshwa mchana na usiku ilimkausha nywele, zikawa zinakatika. Alikuja na mafuta yake ya nazi kutoka nyumbani, chupa ya lita nzima iliyoviringishwa kwenye kanga mbili na kupita salama, lakini hayakumfaa sana. Kisha, baada ya mwaka mpya, mambo yakabadilika. Mimi nywele za mkwe sizitazami, ila masikio ninayo. Nilimsikia mke wangu akisema, "Mama, nywele zinang'aa!" Nilisikia akina mama waliokuja kumjulia hali wakiuliza anapaka nini. Yeye akawajibu, "Mafuta tu," kwa ile sauti ya mtu ambaye hataki kuongezewa swali.

Jumamosi usiku nikaketi kujaza shokapu za nyuma. Mama mkwe yuko upande wa pili wa meza anachambua dengu, jikoni wali wa nazi unakaukia, nyumba nzima inanukia Tanga. Nikamimina ya 30, nikaanza kutoa upepo: fimbo unaipandisha na kuishusha taratibu, viputo vinajitokeza kimoja kimoja, unasubiri, unaongeza tone, unaweka kile kiraba cha juu, unafunga kifuniko. Safari hii viputo vilitoka upesi mno. Niliona pia mafuta yana umanjano wa mbali. Nikasema ni taa.

Kipimo cha kwanza ni rahisi. Unanyanyua sehemu ya nyuma ya kigari kiasi cha shibiri, unaiachia idondoke mezani. Shokapu zikiwa sawa, inashuka na kutulia hapo hapo. Yangu iliruka kama mbuzi aliyekata kamba, ikapiga sinia la dengu, na dengu zikaenda kila pembe ya jiko.

Hakuna aliyesema neno. Mkwe hahojiwi, na kumbe hata yeye hamhoji mkwe. Tukaokota dengu wote wawili, kila mmoja akitazama pembe yake.

Nikabadilisha springi, nikaweka ngumu zaidi. Kinadunda. Nikaifungua tena, nikatia pistoni yenye vitundu vidogo. Afadhali kidogo, lakini bado. Nikakaza ringi za kubana springi mpaka kigari kikasimama matako juu. Usiku wa manane mama mkwe akashindwa kuvumilia: "Mwanangu, hata punda hutuliwa mzigo. Kiache kilale."

Nikakiacha.

Asubuhi uwanjani kulikuwa na nyuzi joto 2 na upepo wa kukata masikio. Njia ya mbio ni ya nyasi bandia, ina kona za kubana na matuta ya mbao, na sisi madereva tunasimama juu ya jukwaa kwa mstari, rimoti mkononi, vidole vimekufa ganzi. Kila raundi ni dakika tano. Ukimaliza yako huendi kunywa chai: unashuka kusimama kwenye kona kuwainulia wenzio waliopinduka. Huo ndio utaratibu, na ndio uliosababisha nisemwe na mtoto.

Raundi ya kwanza ikaanza. Nilitarajia mdundo wa jana usiku, nikawa nimejiandaa kuingia tuta la kwanza polepole. Kigari hakikudunda. Hakikufanya chochote. Mbele kunapanda na kushuka kwa adabu zote, nyuma kumekaza. Kilipotua, matairi ya nyuma yaligonga chini, kitako kikarushwa juu, kikapiga kichwa na kulala chali. Aliyekiinua alikuwa mvulana wa miaka kumi hivi, bingwa wa hapo, mwenye glavu za pamba. Akakigeuza. Mita chache mbele kikalala tena. Akakigeuza. Mwisho alikoma kurudi kwenye kituo chake, akawa anakifuata tu kwa miguu, na nawaambia, hakulazimika kukimbia.

Raundi ilipokwisha akaniletea mkononi. "Bwana," akasema kwa upole wa daktari anayeleta majibu mabaya, "nyuma yako imekufa." Kwa Kiingereza hilo halina ubaya. Mimi niliyelisikia kwa Kiswahili nilitazama kwanza kama kuna Mtanzania karibu.

Nikaenda kujificha kwenye gari langu la kawaida, nikawasha hita mpaka mwisho, kigari mapajani, tunaota joto wote wawili. Baada ya muda nikabonyeza nyuma. Inacheza! Laini kabisa! Nikaamini kwamba kuna kitu kilikuwa kimekwama na sasa kimejifungua. Nikarudi uwanjani kifua mbele.

Raundi ya pili sijawahi kuona kitu cha aina yake, na wala waliokuwepo hawajawahi. Mwanzoni kigari kilidunda kwa fujo kiasi kwamba kilivuka uzio mdogo wa bomba na kwenda kushindana kwenye njia ya upande wa pili, kinyume na wenzake. Mtangazaji akauliza kwa kipaza sauti kama nina habari. Mizunguko iliyofuata, jinsi baridi ilivyokuwa ikikiingia, mdundo ukapungua, ukapungua, na kuna mahali katikati, kwa muda wa kona mbili hivi, kilikwenda vizuri kuliko siku yoyote ya maisha yake. Niliita watu watazame. Walipotazama kilikuwa kimeshaanza kukaza. Raundi iliisha kikiwa chali, na yule mvulana amesimama kando yake mikono kiunoni.

Mzee jirani yangu akakichukua bila kuomba. Akabonyeza nyuma kwa kidole gumba. Ikashuka kwa shida, ikabaki chini. Akaitazama, ikamtazama. Akachomoa shokapu moja, akafungua kifuniko, akakaa kimya, kisha akanigeuzia nione.

Ndani kulikuwa kweupe. Kweupe pe, uji ulioganda mpaka mdomoni, na pistoni imesimama katikati yake haipandi haishuki. Akachota kidogo kwa bisibisi, akanusa, uso ukamlainika. "Haya yananukia likizo," akasema. Kwake harufu ile ni ya mafuta ya kujikinga na jua, ufukweni Hispania. Nikanusa nami. Ilikuwa wali, ilikuwa Jumamosi jioni, ilikuwa chupa ya lita iliyoviringishwa kwenye kanga mbili.

Mafuta ya nazi huganda yakishuka chini ya nyuzi joto 24 hivi. Mtu wa pwani hafundishwi hili: mwezi wa Julai, upepo wa kusi ukivuma, asubuhi unaikuta chupa imeingia weupe na unaiweka juani. Ndiyo maana juu ya kipasha joto yalikuwa maji matupu, mepesi mara nyingi kuliko silikoni yangu, na ndiyo maana viputo vilitoka upesi vile na kigari kikadunda. Uwanjani yakawa siagi.

Mzee akaomba maji ya moto kwenye kibanda cha chai, tukayatia kwenye kikombe cha karatasi na kutumbukiza shokapu zote mbili za nyuma zikiwa wazi. Uji ukalegea, ukatoka, ukaelea juu kwa vijiduara vya dhahabu. Tukafuta, tukatia ya 30 kutoka sanduku lake, tukarudisha springi na pistoni za zamani. Katika harakati hizo mzee alinyoosha mkono kuchukua chai yake bila kuangalia, akapiga fundo la kikombe kisicho chake. Akameza. Akafikiri. Akasema imekosa sukari.

Fainali hupangwa kwa herufi, A ikiwa ya walio bora. Yangu, ambayo ilikuwa ya herufi ya mbali mno katika alfabeti, niliimaliza wa pili kutoka mwisho. Yule wa mwisho betri ilimfia.

Sasa kazi ilikuwa nyumbani. Unamwulizaje mama mkwe? Unaanzia wapi? Nikamsimulia mke wangu chumbani kwa kunong'ona, naye akacheka mpaka akauma mto, kisha akatoka kwenda "kumsaidia mama kukunja nguo". Nikabaki nimebandika sikio mlangoni, mtu mzima na kadi yangu ya uanachama.

Mama hakubabaika hata kidogo. Kwanza, alikiri, mafuta ni yeye. Kiingereza hakisomi, namba anazisoma. Aliona kichupa kimeandikwa 30 na kingine 35, akajua ni umri, akachagua mdogo. Akapaka kidogo kwa majaribio, nywele zikalala, hazikunata, wala hazikunuka. Na hapo alikuwa na haki: nilichukua chupa ya mafuta ya nywele ya mke wangu, ya bei mbaya, nikasoma maandishi ya nyuma yake, nikakuta humo silikoni ile ile imeandikwa jina lake la kiungwana, daimethikoni.

"Sasa kwa nini ukajaza ya nazi, mama?"

"Nimrudishie mkwe chupa tupu?" Sauti ilipanda kwa mara ya kwanza tangu aje. "Nilimjazia ya kwetu, niliyoyapika mwenyewe, bora kuliko hayo yake yasiyo hata na harufu. Kama gari lake halipendi nazi, hilo ni gari."

Siku iliyofuata nikamwamkia, akaitikia, nikamsogezea kiti. Chupa ya 30 ilikuwa imetoweka dirishani, wala sikuuliza. Jioni mke wangu akaja na ujumbe. Mama anasema ile thelathini ni nzuri ila inateremka shingoni, je, dukani hakuna namba ya juu zaidi? Na wale akina mama waliokuja kumjulia hali wameshaulizia. Mmoja amesuka, anataka nyepesi. Mwingine, wa Nottingham, nywele zake ni nzito na hazisikii.

Nikafungua simu, nikaagiza ya 25, ya 40 na ya 50, chupa mbili mbili. Dukani wananifahamu. Mwenye duka akanipigia kuhakikisha, akauliza kwa heshima nina magari mangapi siku hizi. Nikamwambia manne, na la tano liko Nottingham.