Kupanda hopsi Mwanza: tatizo ni usiku, si joto

Katika kundi letu dogo la wapika bia wa nyumbani hapa Mwanza kuna ubishi ambao haujaisha tangu masika: tupande wenyewe hopsi, yale maua machungu ya kutia kwenye bia, au tuendelee kuagiza zilizokaushwa? Wanaotaka kupanda wanasema kimea cha mtama tunaotesha wenyewe, hamira ipo, maji yapo, basi iweje kiungo kimoja kitusubirishe mzigo wiki nyingi? Wanaopinga wanasema hopsi ni mmea wa nchi za baridi, na kuupanda kando ya Ziwa Victoria ni kupoteza mbolea. Mimi nilikuwa upande wa wapinzani. Nimehama, lakini si kwa sababu wanazozitoa wenzangu.

Anayepika pombe ya mtama anajua muda wake ni mfupi. Leo tamu, kesho imekolea, kesho kutwa imeanza kuwa siki. Hopsi ndiyo inayobadilisha hesabu hiyo. Ni maua ya mmea jike, yenye umbo la koni ndogo ya kijani, na kati ya vigamba vyake kuna ungaunga wa manjano wenye utomvu mchungu. Ukiyachemsha na maji ya kimea kwa saa moja, uchungu unaingia kwenye maji na kuvizuia vijidudu vingi vinavyoifanya pombe ichache. Uchungu kwenye pombe si jambo geni kwetu. Wachaga wanatia gome la msesewe kwenye mbege. Lakini harufu ya hopsi, na uwezo wake wa kuitunza bia wiki kadhaa, sijavipata kwenye gome wala jani lolote nililojaribu.

Hoja ya joto ndiyo inayorudiwa zaidi, na ndiyo dhaifu zaidi. Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na mchana wa kawaida ni nyuzi 27 au 28. Bonde la Yakima, ambako Marekani inalima hopsi nyingi kuliko kwingine kote nchini humo, hupita nyuzi 30 siku nyingi za kiangazi. Joto letu halitishi.

Kinachotukwamisha ni usiku. Tuko nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta. Iwe Januari iwe Julai, mchana ni saa 12 na usiku ni saa 12. Hopsi imezoea mashamba ya Bavaria kule Ujerumani na Kent kule Uingereza, ambako katikati ya kiangazi mchana unafika saa 16. Mchana mrefu ndio unaousukuma mmea urefuke, na siku zikianza kufupika ndipo unachanua. Hapa kwetu hauonji mchana mrefu hata siku moja, kwa hiyo unachanua ukiwa bado mtoto.

Nililiona hilo kwa macho yangu Buhongwa, kwa rafiki yangu mmoja. Mmea ambao ungepaswa kupanda mita tano au sita ulikuwa umeishia usawa wa kifua changu, na tayari umechanua. Tulihesabu koni, zikawa 14. Nikaipasua moja kwa ukucha, nikaisugua viganjani. Unga wa manjano ukaganda kwenye vidole kama gundi, na harufu ya ganda la chungwa iliyochanganyika na majani mabichi ikapanda puani. Haikupungukiwa kitu. "Umeona, kaka?" akasema. "Udongo hauna kosa. Mmea umekosea saa tu."

Maneno yake ndiyo yaliyonihamisha, kwa sababu saa inaweza kurekebishwa. Afrika Kusini, karibu na mji wa George, wakulima waliwahi kukutana na shida ya namna hii. Walianza kwa kuwasha taa mashambani ili kuurefusha mchana, kisha wakazalisha mbegu zao zinazovumilia siku fupi, kama Southern Star. Florida nako wamejaribu taa na kupata mavuno mawili kwa mwaka. Kwa bustani ya nyumbani, taa mbili za wati 10 zikiwashwa kuanzia saa moja usiku hadi saa tano, kwa siku 100, zinakula yuniti nane za LUKU. Ukitaka maua, unazima.

Ila anayekaa karibu na maji anajua taa inaita nini. Wale wadudu wa ziwani wanaokuja kama moshi watajaa kwenye ukuta wako, kwenye majani na kwenye chakula cha jirani. Nafuu ni kwamba wakati wa koni taa zimezimwa. Kuna pia ukungu wa ubwiri vinyoya wakati wa mvua na utitiri wakati wa kiangazi, maadui ambao mkulima wa mboga anawafahamu. Udongo wetu wa luseni, wenye kichanga kingi, haushiki maji sana, jambo ambalo mizizi ya hopsi inalipenda, lakini utadai samadi na kumwagilia. Na kamba iwe ya katani. Mmea huu unapanda kwa vinyweleo vyake, na kwenye nailoni unateleza.

Hoja ya fedha ndiyo nzito kweli ya wapinzani. Ndoo ya lita 20 inahitaji gramu 30 hadi 60 tu za hopsi kavu. Pakiti ya gramu 100 inatosha ndoo mbili, na imeandikwa kiwango cha uchungu. Koni za bustanini hazina maandishi, kwa hiyo unabahatisha. Mmea uliokomaa, mahali panapoufaa, hutoa kama nusu kilo hadi kilo moja kavu, tena mpaka ufikishe mwaka wa tatu ndipo unatoa hivyo. Hapa tutegemee pungufu ya hapo. Anayepanda ili aokoe pesa atavunjika moyo.

Kuna jambo moja ambalo sitalilegeza. Tunguu za hopsi, yaani vipande vya mizizi vya kupandia, kutoka nje zipitie Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, zije na kibali. Nimesikia watu wakizungumzia kuzificha kwenye begi. Kanda ya Ziwa tumeshaona batobato na michirizi ya kahawia ilivyoitesa mihogo, na magonjwa hayo nayo husafiri ndani ya vipando.

Kwa nini basi nipande? Kwa sababu ya kitu ambacho pesa haikileti Mwanza: hopsi mbichi. Koni ikichumwa inatakiwa iingie sufuriani ndani ya siku moja hivi, kabla haijaanza kupata joto na kuoza. Hakuna mzigo kutoka Ujerumani utakaowahi. Uchungu nitaendelea kuununua kavu, wenye kipimo. Za bustanini nitazitia mwishoni, moto ukishazimwa, kwa ajili ya harufu. Ukifanya hivyo, zidisha uzito mara tano, kwa sababu mbichi sehemu kubwa ni maji. Ndoo moja inataka kama gramu 150 hadi 300. Na machicha yake usiwatupie mbwa, ni sumu kwao.

Kibali kikitoka, nitapanda miche miwili vuli ikianza, nyuma ya jiko, upande usiotazama ziwa. Rafiki yangu wa Buhongwa ameshafunga taa zake.