Mimi na ngano tuliachana, ila Iringa hawajaikubali talaka

Kamwene wote. Hii nimeibeba rohoni tangu Desemba niliporudi likizo nyumbani, maana kila nikipiga simu mama mdogo hamalizi bila kuuliza, "na ule ugonjwa wako wa mikate umeshapona?" Mama, haujapona, ni wa maisha huu, ila mi mzima kuliko nilivyowahi kuwa, na hapo ndo watu wanachanganyikiwa kabisa.

Kwa msionijua, mi mzaliwa wa Iringa, nipo Torino huku Italia mwaka wa sita sasa, nalea wazee (Iringa na Torino tunajuana zamani msishangae, wamisionari wa Consolata walioingia kwetu 1919 walitokea hapa hapa). Kabla sijaondoka nilikuwa yule dada wa "damu ndogo". Kila familia anaye mmoja. Wekundu wa damu ukipimwa ni 7, siku ya bahati 9. Nimekunywa rozela mpaka midomo ikabadilika rangi, nimekunywa juisi ya matembele, bitiruti, vidonge vya kuongeza damu boksi kwa boksi, nikatibiwa minyoo, amiba, taifodi sijui mara ngapi, vidonda vya tumbo, shangazi mmoja akashauri tukaangalie na upande wa pili, mnaelewa. Tumbo limejaa gesi muda wote, choo hakieleweki, mwili unakwisha, na watu wanakuangalia kwa lile jicho lao. Na asubuhi miaka yote hiyo nilikuwa nakula nini? Chai ya rangi na maandazi mawili. Jumapili chapati.

Huku daktari alitazama karatasi zangu akauliza vidonge vya madini ya chuma nimemeza muda gani, nikamwambia miaka. Akasema basi kumeza unameza, tatizo haviingii mwilini. Wakatoa damu kupima kingamwili, halafu wakapitisha kamera mdomoni wakachukua vinyama vidogo mwanzo wa utumbo mwembamba. Siliaki.

Kwa lugha ya kwetu ni hivi, ndani ya ngano, shayiri na rai (nafaka ya huku Ulaya, ndugu yake ngano) kuna protini inaitwa gluteni, sasa mtu wa siliaki akiila kinga ya mwili wake mwenyewe inaamka inaupiga utumbo, vile vinyweleo vidogo vinavyofyonza chakula vinasawazishwa kama zulia la zamani. Na madini ya chuma yanafyonzwa hapo hapo mwanzoni palipoharibika. Kwahiyo rozela yangu yote ile ilikuwa inapita tu kama basi la Dar lisilosimama Ilula. Si chuma peke yake, foliki, ile vitamini ya kutengeneza damu, ilikuwa chini, vitamini D chini, nikapimwa mifupa, nina miaka 31 nikaambiwa mifupa imeanza kupungua uzito. Mimi niliyekulia kwenye jua na maziwa!

Sasa nianze na haki yao, Waitaliano kwenye hili wako vizuri. Wana sheria ya 2005 inayoutambua huu ugonjwa, kantini za shule na hospitali zinatakiwa zikupe chakula kisicho na gluteni, na kila mwezi serikali inakupa pesa ya kununulia chakula hicho, mwanamke wa umri wangu euro 90, mwanaume 110, eti wao wanakula zaidi (waje waone sahani yangu). Mwaka 2023 wakapitisha na sheria ya kuwapima watoto mapema. Bidhaa kuandikwa haina gluteni isizidi miligramu 20 kwa kilo, na kuna ile alama ya suke la ngano limekatwa mstari, ukiiona unatupia kapuni. Lakini kilichonigusa zaidi ni kwamba ukisema una siliaki mhudumu wa mgahawa hacheki, haulizi "hata kidogo?", anageuka anamwambia mpishi. Basi.

Ila sasa. Mi mwaka wa kwanza nilizila zile euro 90 kwa furaha zote, mikate yao, biskuti, pasta, keki. Tumbo likatulia kweli, nikanenepa, watu wa nyumbani kwenye picha wakasema mtoto amepata. Kupima damu, chuma kinapanda polepole kama lori la mbao linapanda mlima Kitonga. Mtaalamu wa lishe akaniambia nilete mkate wangu, akanisomea pakiti: wanga wa mahindi, wanga wa mchele, mafuta, sukari. Akauliza, hapa chuma kiko wapi? Nikanyamaza. Akauliza ulikua unakula nini, nikaanza kutaja, ugali wa ulezi, maharage, dagaa wa Nyasa tunawatafuna na mifupa yao, mnavu, majani ya maboga, parachichi, mayai ya kienyeji, na yeye anaandika tu. Mwisho akasema rudi huko. Vidonge nikaendelea navyo, ila na limao au chungwa, na chai nikaisogeza mbali na chakula maana chai inakizuia chuma, kitu ambacho sisi watu wa chai asubuhi mchana jioni hatukipendi kukisikia.

Ulezi jamani. Gramu 100 zina zaidi ya miligramu 300 za kalsiamu, na gluteni hauna. Bibi yangu alitulisha uji huo bila kujua miligramu ni nini, leo naununua huku kwenye duka la Waafrika kwa bei ambayo bibi angeomba kiti akae, tena nanunua punje, nachambua, naosha, nasaga mwenyewe, maana unga wa kwenye pakiti isiyo na ile alama sijui umesagiwa wapi.

Na mjue kukimbilia mahindi peke yake sio jibu. Hawa watu wa kaskazini ya Italia wana ugali wao wa njano, wanauita polenta, na zamani maskini wao walikula huo huo asubuhi na jioni bila mboga wala nyama, wakaugua pelagra, ngozi inababuka, kuhara, akili inahama, kumbe ni upungufu wa vitamini niasini. Yule bibi ninayemlea alisimuliwa na bibi yake. Siku ya kwanza kuniona nasonga sembe aliniuliza swali moja tu, na mboga utakula nini? Nikamwambia mama, wewe ni Mhehe.

Kwahiyo nimeenda likizo Desemba najiamini, nasema nyumbani ndo kwenye chakula changu, wali wa Kyela, viazi vya Njombe, ndizi za Tukuyu, maharage ya Mbeya, makande, nani ananiweza. Siku ya tatu nilikuwa kitandani. Mama mdogo kwa upendo wote kanipikia uji wa lishe, "huu hauna ngano mwanangu, ni wa lishe." Nikanywa vikombe viwili. Jioni tumbo likaanza, nikaomba kuona mfuko, hauna maandishi yoyote, tukampigia aliyeuza akataja kwa fahari, mahindi, ulezi, soya, karanga, mchele, na ngano kidogo ya kulainisha. Mama mdogo alilia. Mi nilimkasirikia dakika mbili halafu nikaona namuonea, nani aliwahi kumwambia kwamba kitu kinachoitwa lishe kinaweza kumdhuru mtu?

Na ndo hapo penyewe. Kwetu hatari haiko sokoni, iko kwenye mashine ya kusaga iliyotoka kusaga ngano ya jirani, kwenye mafuta ya chipsi yaliyokaanga maandazi asubuhi, kwenye bia ya shayiri, na kwenye lile neno "kidogo tu". Ukikataa chapati ya mtu unaonekana umeenda Ulaya umerudi na maringo. Kanisani nilimfuata paroko nikamweleza kuhusu hostia, ule mkate wa komunyo, maana lazima iwe ya ngano, Vatikani walikumbusha tena 2017 kwamba isiyo na gluteni kabisa haifai, yenye kidogo sana inaruhusiwa, na huku parokiani kwangu ninayo inayohifadhiwa pembeni. Kule hakuwa nayo, akanipa divai kwa kikombe cha peke yake kisichodondoshewa kipande cha hostia. Alinielewa haraka kuliko ukoo mzima. Ila kwaya! Nikasikia nyuma, "huyu siku hizi anakunywa divai kama padri."

Halafu kuna hili la "ugonjwa wa wazungu", limenichosha. Watoto wa Sahara Magharibi walipopimwa, utafiti wa 1999, karibu 6 kwa kila 100 walikuwa nao, zaidi ya Ulaya, na hao ni Waafrika wanaoishi jangwani. Asiyepimwa haonekani, ndo maana kwetu haupo. Mi naona mtu akimeza vidonge vya damu miezi na miezi, minyoo ishatibiwa, damu haipandi na tumbo linasumbua, basi daktari awaze na hili, kuliko kumuongezea boksi lingine. Na wanaouza unga wa lishe waandike kilichomo, kalamu shilingi ngapi?

Sisemi muache ngano lakini, naomba msinielewe vibaya, naona wengine wameshaanza kwa fasheni. Unga wa ngano wa viwandani kwetu unaongezwa chuma na foliki kwa kanuni zilizoanza 2011, kwa asiye na siliaki unamsaidia, wakati sembe ya mashine ya mtaani mara nyingi haiongezwi kitu. Na ukijihisi unao usiache ngano kabla ya kupimwa, kipimo kitakudanganya kwamba huna.

Mama mdogo nae amebadilika. Wiki iliyopita kuna dada katoka Iringa kaniletea mzigo wake, kilo tano za ulezi, umechambuliwa, umeoshwa, umeanikwa, juu ameandika kwa maka herufi kubwa HAUNA NGANO KABISA. Nikaugeuza mfuko upande wa pili. Ulikuwa mfuko wa unga wa ngano.