Lantana ing'olewe, mjakaranda ubaki?

Sugua jani la lantana vidoleni, harufu yake kali itakung'ang'ania mpaka ukanawe kwa sabuni. Mmea huu ulitoka Amerika ya kitropiki, ukapendwa kwa maua na kwa kuzungushia nyumba. Leo katika Msitu wa Karura jijini Nairobi, zile hekta elfu moja na ushei ambazo Wangari Maathai alipigiwa mwaka 1999 akizitetea zisigawiwe wajenzi, kung'oa lantana ni kazi ya miaka nenda miaka rudi.

Wanaotaka iondoke wana hoja nzito. Hufunga kichaka hata miche ya miti ya asili ikakosa jua, na ng'ombe akila majani yake huugua. Halafu kuna hili ambalo wapangaji wa miji hulisahau: enzi Karura ilipoogopwa kwa wahalifu, kichaka chenyewe kilikuwa sehemu ya hofu.

Wapinzani wao nao hawasemi ovyo. Ndege hula vitunda vyake vyeusi, watoto huvichuma, vipepeo hawabanduki kwenye maua. Ukifyeka yote kwa mkupuo, mvua inakuta udongo uchi. Tena wanauliza: kama ugeni ndio kosa, mbona mjakaranda, mgeni wa Amerika Kusini, unaachwa uipake Nairobi zambarau kila Oktoba? Swali hilo liliikuta Pretoria pia. Sheria ya Afrika Kusini iliutia mjakaranda katika orodha ya mimea vamizi, lakini ile iliyokwisha kukua mitaani ikaachwa isimame.

Kwangu mimi, mmea umetoka wapi si kipimo. Niambie unajisambaza wenyewe au unakaa ulipopandwa. Kwa hiyo sioni wa kuitetea lantana msituni na kando ya mito. Mjakaranda wa kando ya lami hauna kesi.

Ugumu uko kwenye fedha. Siku ya kung'oa, wakubwa huja na kamera. Siku ya kurudia hawaji. Lantana iliyokatwa kwa panga huchipua kisikini mvua za kwanza tu zikinyesha, na mbegu zilizodondoshwa na ndege huota pembeni. Ni jembe mpaka mizizi, mti wa asili kama mukinduri au muhugu upandwe hapohapo, kisha vibarua warudi msimu ujao na ule wa baada yake. Kaunti isiyo na hela ya msimu wa tatu ni heri ishike mita hamsini za ukingo wa mto, izimalize, ndipo isogee.