Damu si lazima kwenye bango

Kuna mwandishi anayesema kinachouza bango la filamu ya kutisha ni damu na rangi nyekundu. Hapo sikubaliani naye. Tazama bango la The Exorcist la 1973, kazi ya Bill Gold: mwanamume mwenye kofia na mkoba amesimama usiku karibu na taa ya barabarani, mwanga ukimshukia kutoka dirisha la ghorofani. Basi. Hakuna tone la damu, na binti aliyepagawa na pepo, ambaye filamu inamhusu, haonyeshwi kabisa. Uso wa mtu hatuuoni, ni kivuli tu, nasi tunabaki kujiuliza huko juu kuna nini mpaka tukate tiketi.

Bango la Jaws (1975), filamu ya papa anayeshambulia watu, lilikwenda kinyume. Mchoro wa Roger Kastel, uliotengenezwa kwanza kwa ajili ya jalada la kitabu chenye jina hilo, unamwanika papa waziwazi, mkubwa kupita kiasi, meno yakimwelekea mwogeleaji asiye na habari. Kichekesho ni kwamba ndani ya filamu papa anachelewa sana kuonekana, maana papa wa mashine aliyetumika kuigiza alikuwa akiharibika kila mara! Nyekundu ipo, sawa, ila kwenye jina la filamu.

Haya mabango ya siku hizi ya sura kubwa yenye macho meupe, mimi yananiletea usingizi.